Udongo Usiopitisha Maji Saa za Kazi

Haya si ya kale. Ya kale yana sungura na fisi. Haya yana kamati. Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na mwenye kiu anywe kwanza, maana hii ni habari ya maji.

Ilikuwa katika nchi moja ambayo siwezi kuitaja jina. Si kwa woga. Jina lenyewe lilikuwa limepelekwa mjini kufanyiwa marekebisho, na mpaka leo halijarudi. Katika nchi hiyo kuna kijiji kinaitwa Manyungu, na Manyungu ndipo ninapoishi mimi, Bi Siwema, mfinyanzi wa vyungu. Jirani yangu ni Bi Nyamizi, mfinyanzi pia. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu, na mdomo wake una moto kuliko kuni zetu za kuchomea vyungu.

Bondeni, nyuma ya nyumba yangu, kuna kisima. Alikichimba bibi yake bibi yangu, na kaya arobaini hunywa hapo. Maji yake ni matamu. Utamu huo ulifika hadi mjini, kwa Mheshimiwa Ndondole, Waziri wa Ardhi, Maji na Mambo Mengineyo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba tumbo lake halipatani na maji ya bomba, basi kila Jumatatu gari la Wizara lilikuja kuchukua madumu matatu ya maji yangu kwa ajili ya chai yake. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Alizima injini mbali, akaja kwa miguu, ili asimshtue kuku wangu aliyekuwa ameatamia. Nami maji ya Mheshimiwa niliyachuja kwa kitambaa cheupe. Mtu hata akiwa waziri, tumbo lake bado ni tumbo.

Kisha wakaja watu wa dhahabu.

Dhahabu iko ndani ya mawe ya mlima wetu, na haitoki kwa kubembelezwa. Mawe husagwa, yakaoshwa kwa maji yenye dawa kali. Dhahabu huenda kwa wenyewe, na yale maji ya dawa hubaki hapa. Ng'ombe akiyaonja hafiki zizini. Kwa hiyo lazima yawekwe bwawani milele. Bwawa lenyewe lilipangwa lichimbwe hatua mia moja juu ya kisima changu, kwa sababu siku ramani ilipochorwa, mchoraji alikuwa ameweka kikombe chake cha chai pale penye kisima, na hakutaka kukisogeza.

Hata hivyo sikuogopa, kwa kuwa nchi yetu ilikuwa na Kitabu cha Vipimo. Niliambiwa kitabu hicho kinasema maneno machache mazuri: chini ya bwawa litandikwe tandiko la udongo mfinyanzi, unene wake mita moja, lishindiliwe tabaka juu ya tabaka, nao uwe udongo usiopitisha maji. Nilipoyasikia nilifurahi. Nikasema, aliyeandika haya alilelewa na mama mfinyanzi.

*

Udongo wa namna hiyo tunao. Uko Kilima cha Nyungu, mwendo wa kutwanga mtama mara moja tu kutoka bwawani. Ni mweusi, unateleza, ukiubana mkononi unabaki na alama za vidole kama vile umekusalimia. Lakini kilima hicho kilizungushiwa uzio miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa ajili ya sanamu ya Mkuu wa Nchi. Sanamu haijaja. Kuna kibao tu: ENEO LA SANAMU. UDONGO HUU UNASUBIRI.

Mkandarasi basi akachukua udongo uliokuwa karibu, ule mwekundu wa kando ya barabara, ambao sisi hatuupi hata kazi ya kutengeneza kibanda cha bata. Akautandika, akaushindilia kwa mtambo wenye gurudumu la chuma, akaumwagia maji, akaushindilia tena. Ulikuwa unapendeza kama sakafu ya harusi.

Wizara ikamleta mpima udongo, Bwana Luvanda. Alikaa kwangu miezi miwili, kwa kuwa nyumba ya wageni ilikuwa imejaa wageni waliokuja kukagua nyumba ya wageni. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, wa kukunja shuka lake mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alinitekea ndoo mbili, na hakusema. Nilikuwa nakuta tu mtungi umejaa.

Kifaa chake kilikuwa bomba la kioo lenye mistari. Analisimamisha juu ya udongo, analijaza maji, anakaa na saa yake kuangalia yanashuka kwa kasi gani. Kwenye udongo mwema, alinieleza, maji hushuka unene wa unywele kwa siku.

"Na kwenye huu, mwanangu?" nikamuuliza siku ya kwanza.

"Bibi, kwenye huu sikuhitaji saa. Nilipomaliza kumimina, nilikuwa nimeshamaliza kupima."

Akaandika taarifa. Ilikuwa na mstari mmoja: Udongo huu unapitisha maji.

*

Mjini, taarifa hiyo iliwahuzunisha sana. Wakaunda Kamati ya Kurekebisha. Mimi nilifikiri itarekebisha udongo.

Kamati ikaja watu kumi na saba na Katibu wao, Bwana Dindi, mtu mwenye kalamu nne mfukoni na roho nyepesi. Walikaa katika darasa la watoto wa chekechea, kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti yakigusa masikio. Sisi wafinyanzi tuliitwa tuwapikie, kwa hiyo nilisikia yote kupitia dirishani nikiwa nakoroga maharage.

"Ndugu wajumbe," alianza Bwana Dindi, "tuko hapa kwa sababu ya ugomvi kati ya udongo na Kitabu. Udongo ni wetu. Umezaliwa hapa, umekulia hapa. Kitabu kilitafsiriwa. Nauliza, kati ya hawa wawili, nani abadilike?"

"Kitabu!" wakasema kumi na saba.

"Lakini kwa kiasi," akasema mjumbe mmoja mwenye hekima. "Tusije tukaonekana tunaharibu viwango. Tuongeze neno moja tu."

Wakajadili siku tatu, wakaongeza moja. Kipimo kikasomeka hivi: udongo usiopitisha maji makusudi.

Wakamwita Bwana Luvanda akapime upya. Alirudi jioni, akasimama mlangoni pa darasa na bomba lake.

"Umepitisha?" akauliza Bwana Dindi.

"Umepitisha."

"Makusudi?"

"Bwana Katibu, huo ni udongo."

"Uliuuliza?"

"Nitauulizaje?"

"Andika," Bwana Dindi akamwambia mwandishi. "Udongo haukukiri."

Bi Nyamizi aliyekuwa amebeba sinia la ugali akashindwa kujizuia. "Na maharage yakiungua, Katibu, tuyaulize kama yalikusudia?"

"Mama yangu, wewe leta tu chakula," akasema Bwana Dindi, naye akacheka. Nilimpenda kwa kucheka kule. Tena alikuwa wa kwanza kusimama kumpokea Bi Nyamizi sinia, ingawa kiti kilisimama pamoja naye.

*

Tatizo likawa Kampuni ya dhahabu. Watu wa Kampuni walisema neno hilo "makusudi" ni zuri, ila huko kwao wana bima, na bima haijui makusudi. Inataka kujua maji yanapita au hayapiti.

Kamati ikarudi kwenye viti. Ndipo mjumbe mmoja, aliyekuwa zamani karani wa posta, akauliza swali lililookoa taifa: "Mkaguzi wa bwawa atakuwa anafika saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri," akajibiwa.

"Sasa maji yanayopita saa kumi yanamhusu nani?"

Wajumbe wakasimama wote. Halafu wakapiga makofi. Kipimo kikawa: udongo usiopitisha maji saa za kazi.

Bwana Luvanda akapima. Udongo ulipitisha maji saa tatu, saa nne na saa tano. Kamati ikaongeza mapumziko ya chai, mapumziko ya mchana, ruhusa ya msiba na sikukuu za serikali. Walipomaliza kutoa, ulibaki muda wa robo saa tu, kuanzia saa nne na nusu siku ya Alhamisi, na hata hapo udongo ulipitisha.

Siku ile Mheshimiwa Ndondole mwenyewe akaja kuwatia moyo. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya kengele na macho ya mtoto aliyeamshwa mapema. Alisimama ukingoni mwa bwawa, akatukusanya.

"Wananchi wa Manyungu! Nasikia kuna mtu anawatisha kwamba bwawa hili litavuja. Nawauliza, wahenga walisemaje? Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi! Bwawa likivuja kidogo, tuta linapumzika. Tuta likipumzika, taifa linapumzika!"

Wajumbe wakashangilia. Akaendelea:

"Na ninyi akina mama wafinyanzi ni mashahidi. Mtungi wa maji ya kunywa hautoi jasho?"

"Hutoa, Mheshimiwa," nikasema, maana ni kweli.

"Na jasho hilo ndilo linaloyafanya maji yawe baridi?"

"Ndilo."

"Basi bwawa letu litatoa jasho, na kisima chenu kitapata ubaridi!"

Bi Nyamizi akainua mkono. "Mheshimiwa, mtungi unatoa jasho la maji tunayokunywa. Bwawa lako litatoa jasho la nini?"

Mheshimiwa akatazama saa. "Swali zuri sana. Litajibiwa kwenye Mambo Mengineyo."

*

Wiki iliyofuata barua ilikuja. Haikuwa yangu, ilikuwa ya kisima. Juu ya bahasha waliandika: Kwa Kisima, S.L.P. Hakuna, Manyungu. Dereva wa madumu ndiye aliyeileta, kichwa chini kwa aibu, akaniomba nikipokelee.

Bwana Luvanda akanisomea. Barua ilisema kwamba imebainika Kisima kimejenga chini ya bwawa la serikali bila kibali. Kwamba kwa kukaa bondeni, Kisima kinajiweka katika mazingira ya kupokea vitu visivyo vyake. Kwamba Kisima kijieleze ndani ya siku saba kwa nini kisifukiwe.

Wajukuu zangu, hapo ndipo machozi yaliponitoka. Kabla ya hapo nilikuwa nacheka. Kaya arobaini. Wapo wajawazito, yupo mzee Kidonge anayekunywa vidonge saba kwa siku, wapo watoto ambao hawajui maji mengine. Maji ya dawa yakiingia kisimani, kisima hakitapiga kelele. Maji yatabaki vilevile meupe, vilevile matamu, na sisi tutakunywa.

"Usilie, Bibi," akasema Bwana Luvanda. "Tukijibie."

Tukakijibia. Nilisema, yeye akaandika. "Mimi Kisima nawasalimu. Nilikuwapo kabla ya bwawa, kabla ya Wizara, kabla ya nchi kupata jina na kulipoteza. Sina kibali kwa sababu niliyemkuta hapa alikuwa mvua tu, naye hakunidai. Nawaombea afya njema, hasa tumbo la Mheshimiwa."

Siku hiyohiyo Bwana Luvanda aliletewa karatasi ya kutia sahihi, kwamba tandiko limekidhi kipimo, ile robo saa ikiwemo. Akakataa.

"Kwani sahihi inakuuma nini?" Bwana Dindi alimwuliza, tena kwa upole, wamekaa kwenye mkeka wangu. "Sisi sote tumetia."

"Mimi nakunywa maji ya huyu bibi, Katibu. Nimeyanywa miezi miwili. Nitatiaje sahihi halafu nirudi hapa nikapewe kikombe?"

Bwana Dindi akainua kikombe chake. Akamaliza chai yake, akaosha kikombe mwenyewe, akaandika barua ya kumsimamisha kazi Bwana Luvanda kwa kosa la kupima jambo moja zaidi ya mara moja. Bomba la kioo likachukuliwa liwe kielelezo. Katika nchi nzima lilikuwa moja tu.

Alipoondoka, Bwana Luvanda alikuta nimemfungia mihogo ya njiani. Nami asubuhi yake nikakuta mtungi wangu umejaa.

*

Sasa hapakuwa na kifaa. Ufunguzi wa bwawa ulikuwa Alhamisi ijayo, na Ijumaa maji ya dawa yangeachiliwa.

"Siwema," akaniambia Bi Nyamizi, "bomba wamechukua. Jivu je?"

Hapa niwaeleze desturi yetu. Mfinyanzi wa Manyungu hatoi chungu cha asali au cha mafuta bila kukiweka juu ya jivu. Jivu linachekechwa mpaka liwe kama unga, linatandazwa juu ya jiwe bapa, chungu kinajazwa maji na kuketishwa hapo tangu jua linapochomoza hadi linapokaa utosini. Kikiinuliwa, ukikuta jivu ni jeupe, chungu ni chema. Ukikuta limekuwa jeusi, chungu hicho ni cha kulishia kuku, na mfinyanzi anaomba radhi. Jivu haliongezwi neno.

Na desturi ya pili. Mgeni anayekuja kufungua kazi kijijini kwetu, iwe daraja au zahanati, hupewa chungu kipya kilichojaa maji. Anakaa, anakipakata mapajani, na anahutubia hivyo, ili maneno yake yawe ya baridi. Akimaliza, anakunywa. Tangu enzi za bibi zetu hakuna mgeni aliyekataa, maana kukataa ni kusema maneno yako ni ya moto.

Tulikwenda bwawani mchana kweupe na makarai yetu. Mlinzi alituuliza tunataka nini. Tukasema tunataka udongo kidogo wa tandiko, tumtengenezee Waziri chungu. Akasema, "Mama zangu, chukueni, Mheshimiwa atafurahi," akatusaidia kujitwika.

Kazi ile ilikuwa ngumu. Udongo ule haushikani. Mimi vyungu vyangu sita vilianguka kama wazee wanaosinzia. Bi Nyamizi alifinyanga cha tatu kikasimama, kinene, unene wa kiganja, akakishindilia tabaka juu ya tabaka kwa kijiti, sawasawa na Kitabu. Hatukupaka utomvu, hatukukisugua kwa kokoto ya mtoni. Tulikiacha kama serikali ilivyokitaka. Kikakauka kwa taabu, kikachomwa, kikatoka kizima. Nilikipamba kwa mistari miwili, kwa sababu chungu hakina kosa.

*

Alhamisi saa nne kamili asubuhi, Mheshimiwa Ndondole alifika na suruali ya rangi ya maziwa. Palikuwa na watu wa redio, watu wa Kampuni, kamati nzima, na utepe. Tukamkalisha kwenye kiti chenye mito. Bi Nyamizi akamletea chungu kimejaa maji ya kisima, akampakatisha mapajani, akapiga goti.

"Karibu, Mheshimiwa. Maneno yako yawe baridi."

"Asante sana, mama. Tamaduni zetu! Tamaduni zetu!" Akaanza hotuba.

Alianza na historia ya udongo tangu kuumbwa. Alipofika kwenye ukoloni, niliona doa dogo kwenye goti lake. Alipofika kwenye uhuru, doa lilikuwa limevuka kwenda paja la pili. Alipoanza kueleza kipimo kipya, alikuwa amelowa hadi kwenye soksi, na mto wa kiti ulikuwa unadondosha matone kwenye vumbi, tapu, tapu, tapu. Hakusimama. Sijui ni ujasiri, au ni kwamba alikuwa hajafika ukurasa wa kusimama.

Mtu wa redio akasogeza kinasa sauti. "Mheshimiwa, samahani, umelowa?"

"Sijalowa."

"Kuna maji, Mheshimiwa."

"Huo ni unyevu," akadakia Bwana Dindi. "Unyevu hauko kwenye Kitabu."

Hapo Bi Nyamizi akasimama. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma bei ya kitu. "Mheshimiwa, chungu hicho ni udongo wa tandiko la bwawa lako. Tumeushindilia tabaka juu ya tabaka. Sasa hivi ni saa nne na nusu, siku ya kazi, si msiba, si sikukuu. Na kama kimekuvujia, ninaapa, hakikukusudia."

Watu walicheka, wajukuu zangu. Walianza watoto, wakafuata akina mama, kisha nikasikia kicheko chembamba nyuma yangu, nikageuka, alikuwa mjumbe wa Kamati, yule wa posta. Mtu wa Kampuni hakucheka. Aliinama, akachota udongo wa tandiko mkononi, akautazama kwa muda mrefu.

Mheshimiwa akainua chungu anywe, kama desturi inavyotaka. Hakikuwa na tone. Akabaki amekishika hivyo, macho yake yale ya mtoto yakitafuta mtu wa kumwambia afanye nini.

Nikamwonea huruma. Nilimshika mkono nikampeleka kwangu.

*

Nilimpa kanga yangu ya maua ajifunge, nikaanika suruali juu ya moto wa jikoni. Nje watu walikuwa wanasubiri. Yeye alikaa kwenye kigoda, miguu myeupe kwa vumbi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na sauti ya kengele.

"Bibi," akasema, "umenidhalilisha."

"Si mimi, baba. Ni udongo. Sisi vyungu huvipima kwa jivu, leo jivu lilikuwa suruali yako. Kunywa chai."

Akanywa. Akashusha pumzi. "Chai hii ni tamu kama ya kwangu."

"Ni maji yaleyale."

"Yaleyale yapi?"

"Ya madumu, baba. Ya kila Jumatatu. Kwani hukujua yanakotoka?"

Hakujua. Alidhani yanatoka mahali fulani penye mitambo. Nikamfungulia dirisha la nyuma, nikamwonyesha kisima changu, na madumu yake matatu yamepangwa pembeni, vifuniko vimeoshwa. Kisha nikamwonyesha tuta la bwawa, pale juu, hatua mia moja. Alipeleka macho kutoka kwenye tuta hadi kisimani, kutoka kisimani hadi kwenye kikombe alichoshika, akakiweka chini.

"Nilitaka nikuulize," nikasema. "Jumatatu nikujazie kama kawaida, au bwawa likishajaa tusubiri kwanza?"

Alikitazama kisima mpaka suruali ikaanza kutoa mvuke.

"Kwani jivu lenu," akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo, "linaonyesha kweli?"

"Halijui kusema kingine, baba."

"Siwezi kurudisha Kitabu, Bibi. Nikikirudisha, itaonekana tulikosea. Watu kumi na saba! Na mimi mwenyewe nimetoa methali."

"Usirudishe kitu," nikamwambia. "Wewe ni Waziri wa Mambo Mengineyo. Hakuna jambo jingine lolote?"

*

Alitoka nje na suruali kavu. Akatangaza kwamba bwawa limefunguliwa rasmi, na limekidhi vipimo vyote kuliko bwawa lolote duniani. Lakini kwa kuwa ni bwawa la mfano, serikali imeona lisiingizwe maji kabla halijapambwa. Pambo lenyewe ni mita moja ya udongo mweusi kutoka Kilima cha Nyungu, litandazwe juu ya tandiko lililopo, lishindiliwe tabaka juu ya tabaka, kwa uzuri tu.

"Kwa uzuri tu!" wakasema kumi na saba.

Kuhusu sanamu, ilitangazwa kwamba Mkuu wa Nchi ni mtu wa watu na asingependa kutazamwa kwa kuinua shingo. Sanamu yake itasimama shimoni.

Bwana Luvanda akarudishwa. Hakurudishwa kuwa mpima, maana kosa la kupima halina msamaha. Aliajiriwa upya kama Mrembaji Mkuu wa Mabwawa. Bomba lake akapewa kama chombo cha maua. Miezi minne alisimama bwawani akiangalia udongo mweusi ukimwagwa, akitia maji kidogo, akishindilia, akisimamisha chombo chake cha maua juu ya kila tabaka na kutazama saa. Mimi na Bi Nyamizi tulikuwa wasaidizi wa urembo. Tabaka ambalo halikutupendeza lilichimbwa upya, na mtu wa Kampuni hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anakuja asubuhi na kutubebea maji.

Mwisho kisima kikapata barua ya pili. Dereva alizima injini mbali kama kawaida, akaja nayo anatabasamu. Barua ilisema Kisima kimesamehewa kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kisirudie. Niliinama nikakisomea kwa sauti. Hakikujibu, na hilo likaandikwa kuwa kimekubali.

Bwawa sasa limejaa. Limepewa tuzo ya taifa kwa kutovuja, na tuzo hiyo ilipokelewa na udongo mwekundu.

Mimi kila Ijumaa asubuhi napanda hadi chini ya tuta na ungo wangu. Nachekecha jivu, nalitandaza ardhini, ili bwawa likitoa jasho jivu liseme, nakaa hapo na ukili wangu nikisuka hadi jua linapofika utosini. Ijumaa iliyopita lilikuwa jeupe. Leo pia, jeupe.

Lakini nawaomba, wajukuu zangu, hilo la jivu libaki hapahapa kwetu. Mjini wakisikia kuna kipimo kimoja bado kinasema kweli, wataleta kamati, na mimi sina tena viti vya kuwakalisha.